Sukari ya Fundi

Sukari ya mgao haikutosha kupikia halwa. Machano alidunduliza miezi mitatu mpaka akapata ya sufuria moja, na ndiyo hiyo aliyokuwa akiikoroga sasa, halwa ya harusi ya jirani. Ikishachukuliwa, angefunga jiko lake la Ng'ambo na kurudi kwao Chwaka.

Halwa ikianza kushikana haiachwi. Mwiko ukisimama, inaungua chini. Kwa hiyo afisa wa mji alipoingia uani, Machano hakugeuka.

"Kama umekuja kunifukuza, umechelewa. Nnakwenda mwenyewe."

"Sikuja kukufukuza," akasema afisa, jasho likimtiririka kwa joto la moto. "Nataka kujua, mji ukusaidie nini ili ubaki hapa na kazi yako ikue?"

Mwiko ukasimama.

Tangu arithi sufuria ile kwa baba yake, wakubwa walimuuliza kodi na cheti. Hili hakuna aliyepata kumuuliza. Akamtazama afisa usoni, akitafuta mzaha, asiuone.

"Hebu sema tena."

Afisa akarudia.

"Bwana we, halwa hiyo," akasema mke wa Machano, kuni mkononi.

Machano hakumsikia. Alikuwa anafikiri.

"Nipimieni sukari kama fundi," akasema mwishowe. "Msinipimie kama mtu wa chai ya asubuhi."

Moshi ukapanda kutoka kwenye sufuria.

Jibu lile lilimgharimu sukari ratili kumi na mbili, samli ratili tatu, zafarani yote iliyokuwamo nyumbani, na salamu za jirani.