Inveta ya Mama Mkwe

Simu ya nane ilipopata nafasi yake kwenye dashibodi ya gari, Bi Asmahani aliingia ndani akatoka na feni ndogo ya waya kama wa simu.

"Mwanangu Sadiki, na hii je? Joto la leo halina adabu."

"Chomeka tu, mama," akajibu Sadiki, macho chini, jasho likimtiririka ndani ya kanzu.

Angejibu nini kingine? Ilikuwa siku yake ya kwanza kuonekana ukweni, mtaa wa Isevya. Mshenga alishamaliza maneno yake. Lililobaki ni wazee kumtazama mposaji wa binti yao, Mwanamkuu, kisha watoe jibu. Na mkwe mpya hamkatalii mama mkwe kitu. Akisema kula, unakula. Akisema ongeza, unaongeza hata kama tumbo linaomba msamaha.

Shida ilikuwa gari. Sadiki ni muuza asali; mji mzima unamjua kwa baiskeli na madumu yake ya kutoka Sikonge. Leo alikuja na gari la umeme, jeupe, lisilo na mngurumo, na wanawake walipomuuliza alisema ni lake. Lilikuwa la Doto, jamaa wa Kanyenye, mtaa wa jirani tu, anayelikodisha kimyakimya. Doto alimpa onyo moja tu.

"Likiwa limezimwa, usichomeke vitu. Betri kubwa inaendesha gari. Hayo mengine yote yananyonya kabetri kadogo ka mbele. Kakifa hako, hata kubwa ijae pomoni, umebaki na kabati."

Sadiki alikusudia kuliacha likiwa limewashwa. Lakini kitu cha kwanza alichosema Bi Asmahani, baada ya kuitikia shikamoo yake, kilikuwa: "Lizime kabisa, mwanangu, watoto wa hapa watundu." Akalizima. Cha pili kikawa: "Umeme umekatika tangu alfajiri, hebu nichajie kasimu kangu."

Ng'ambo ya barabara, mashine ya kinyozi ilikuwa ikivuma.

"Yule ana sola," Bi Asmahani akasema, kabla hajaulizwa.

Majirani wakaja na simu zao. Sadiki aliipokea moja, akaona imeandika asilimia tisini na nane, akaichomeka hivyo hivyo. Kisha mama mkwe akaleta inveta, kile kisanduku cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, na nyuma ya inveta spika kubwa kama mtungi. Taarabu ikaanza, wanawake wakajifunga kanga, uwanja ukajaa vicheko. Barazani, Mzee Majidi, baba wa binti, alikaa na tasbihi yake tangu asubuhi, macho kwenye gari.

Saa tisa feni ikalegea. Spika ikakohoa mara mbili, mwimbaji akakatika katikati ya "mpenzi".

Sadiki akaingia garini, akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena na bismillahi. Kabati.

Kumwita Doto ni kukiri mbele ya watu wote kwamba amedanganya. Na nani atampa mwongo binti yake?

"Mkwe, gari lako lina nini?" akauliza jirani mmoja, mkono kiunoni.

"Limechoka na safari, mama."

"Safari ya kutoka Kanyenye?"

Wanawake wakaangua kicheko. Sadiki alitafuta pa kufungulia boneti; akavuta kitu, buti ya nyuma ikafunguka. Vicheko vikazidi.

Ndipo Mzee Majidi alipoweka tasbihi chini. Akainama chini ya benchi lake, akatoa betri ya pikipiki na nyaya mbili. Akapitisha mkono chini ya usukani bila hata kutazama, na boneti ikaruka.

"Doto alikuonya juu ya hii ndogo?" akauliza taratibu.

Sadiki alitamani ardhi impokee. "Alinionya, baba."

"Kwa hiyo ulijua itakufa tangu simu ya kwanza."

"Nilijua. Na gari lenyewe si langu, nisameheni. Lakini ningemwambiaje mama hapana?"

Mzee akabana waya wa pili. Taa za dashibodi zikawaka zote kwa pamoja.

"Waposaji wawili waliokuja na gari hili hili kabla yako," akasema, "walijua namna ya kumwambia hapana."

Bi Asmahani alikwishaanza kuchomoa feni. Akageuka kuelekea dirishani, akapaza sauti.

"Mwanamkuu! Huyu ndiye. Rudisha swichi kubwa ya umeme uliyoizima alfajiri, tuwashe jiko."