Figa la Tatu

Nafla alipigwa na butwaa alipofika bwawani na kukuta jiwe halipo. Miaka saba jiwe lile lilikaa katikati ya maji, na kila asubuhi kobe wake wawili walilipanda kuota jua, magamba yakauke yasishike ukungu.

“Shangazi, jiwe la kobe liko wapi?”

“Si hilo jikoni! Figa moja limepasuka, na pilau ya harusi haipikwi kwa mafiga mawili. Kobe hutembea na nyumba yake, mwanangu, tena anataka na kiti?”

Wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu wakaangua kicheko.

Nafla hakucheka. Majini alimwona kobe mmoja tu, akiparura ukingo kwa makucha. Akatazama chini. Mchirizi mwembamba wa maji ulitoka bwawani, ukakata uwanja, ukaelekea jikoni.

Akaufuata mbio. Nyuma yake kicheko kilikatika. Chini ya sufuria la pilau, mbele ya makaa mekundu, kobe wa pili alikuwa amelinyooshea jiwe lake shingo, na mguu mmoja ameshauinua.