Sigara ya Marehemu

Siku ya ishirini bila kuvuta, Osoro akipita na kikapu yake ya majani chai, alisimama ghafla kwa kaburi ya ndugu yake, pale kati ya migomba.

Kulikuwa na sigara imesimikwa kwa udongo, inawaka. Zamani yeye mwenyewe ndiye alikuwa anamwekea marehemu moja kila asubuhi, mpaka sista wa dispensari akamkataza: hata hiyo wacha, mzee, ama kifua itakumaliza vile ilimmaliza yeye.

Matope ilikuwa laini, na hakuna alama ya mguu.

Mate ikamjaa mdomoni. Akapigia sista simu, vile walikubaliana.

"Sista, hamu imenishika."

"Pole, baba. Uko na nani hapo?"

Sigara ikang'aa nyekundu, kama mtu anaivuta.

"Na ndugu yangu," Osoro akasema.