Aliyeufunga Mlango

Mlango wa chumba cha baridi uliteleza kwenye reli yake, ukajifunga nyuma ya Aika. Aliuvuta. Haukusogea. Upande wa pili mtu alikuwa anagongagonga chuma.

"Nani huko? Nipo ndani!"

Alichungulia kwenye kidirisha cha mlango. Nje, ndani ya ukumbi wa kufungashia, alimwona Lengai, fundi wa mitambo ya baridi, akikaza nondo kwenye reli ili mlango usifunguke. Alikuwa amejifunga kitambaa puani na mdomoni. Macho yake yalikuwa mekundu.

Aika akauachia mlango.

Ni muda mrefu sasa Lengai alikuwa hamwitikii salamu. Ilianza kiwanda kilipoleta mashine ya kuchambua parachichi. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya kina mama kutoka Akheri na vijiji vya jirani. Walikaa kwenye mabenchi marefu wakibonyeza tunda moja moja kwa kidole gumba, huku wakipiga soga. Mashine ilikuja na kamera zake, ikajua yenyewe lipi la kusafirishwa ng'ambo na lipi la kupelekwa sokoni mjini. Kina mama wakaambiwa asanteni. Nashilu, mke wa Lengai, alikuwa mmoja wao. Akabakizwa Aika tu, kwa sababu ndiye aliyepelekwa kujifunza kuiendesha.

Jana yake asubuhi walikutana getini.

"Kaka Lengai, umeamkaje?"

"Mimi si kaka yako." Hakusimama. "Nashilu ndiye aliyekufundisha kulishika parachichi. Leo yeye yuko nyumbani, wewe umevaa koti jeupe. Sawa. Ipo siku."

Evaresta, mpishi wa kantini, aliyasikia yote. Akamvuta Aika kando. "Mdogo wangu, huyo usikae naye mahali mko wawili tu. Mtu anayefuga hasira namna hiyo si wa kuamini."

Na sasa ile siku ilikuwa imefika.

Aika alikipiga kioo kwa viganja. "Kaka Lengai, nisamehe! Si mimi niliyewaondoa!"

Lengai aliinua uso. Wakatazamana. Akatikisa kichwa kukataa, kisha akainama, na Aika akasikia kitu kikishindiliwa chini ya mlango, pale mpira ulipochakaa, kama mtu anayeziba tundu la panya.

Mara feni zilizokuwa darini zikapunguza mwendo, zikanyamaza.

Aika akaelewa. Chumba kile kilijengwa kisipitishe hewa, ili matunda yasiive kabla ya kufika bandarini. Huyu baba alikuwa ameziba hata ule upenyo mdogo uliobaki. Alitaka pumzi zimwishie humu, katikati ya makreti, na watu waje kusema ilikuwa ajali.

Simu haikushika mtandao. Akapiga kelele mpaka sauti ikakwama. Ukumbi ule haukosi watu saa za kazi, lakini hakutokea hata mmoja. Labda aliwaondoa kwanza. Labda walijua.

Akarudi kwenye kidirisha. Lengai alikuwa anakimbia kuelekea mlango mkubwa wa kutokea.

Aika aling'oa ubao kwenye kreti, akaukamata kwa mikono miwili na kukipiga kioo kwa nguvu zake zote. Kule mbali Lengai akasimama. Akageuka. Aika akapiga tena, na kioo kikapasuka ufa mwembamba kutoka pembe hadi pembe.

Lengai akarudi mbio. Alijitupa mlangoni, akapiga mlango kwa ngumi, akapaza sauti. Kilichopenya ukutani ni mvumo tu. Machozi yalimtiririka hadi kwenye kitambaa, na mishipa ya shingo ilimtoka. Aika hakuwahi kuona mtu anayemchukia mwenzake kiasi kile. Akainua ubao mara nyingine.

Lengai akavua koti lake, akalikandamiza kwenye kioo kwa viganja viwili. Kidirisha kikawa giza. Hata kumtazama akifa hakutaka.

Harufu kali, kama ya zizi lililofungiwa siku nyingi, ilipenya kwenye ufa ikamchoma Aika machoni. Akadondosha ubao. Akarudi nyumanyuma hadi kwenye kona ya mwisho, akajikunyata nyuma ya makreti, meno yakigongana. Akaanza kusali sala aliyofundishwa na mama yake, akaisahau katikati, akaanza upya.

Koti lilikaa kwenye kioo muda mrefu. Kisha likateleza taratibu, likaanguka, na mwanga ukarudi. Hakuonekana mtu.

Hakuthubutu kusogea. Alikaa hivyo hivyo mpaka vidole vikafa ganzi, mpaka akasikia nondo ikichomolewa, akajifunika uso kwa mikono. Amerudi kumaliza kazi yake.

Aliyeingia alikuwa mtu wa zimamoto, mtungi wa hewa mgongoni. Kabla ya kusema neno alimvisha Aika barakoa kama yake.

"Pumua kwenye hii tu, usiivue," alisema. "Bomba la gesi ya mtambo wa baridi limepasuka, ukumbi mzima umejaa sumu. Wenzako walikimbia mapema. Kama huu mlango ungekuwa wazi, tungekukuta maiti."

Alimshika mkono kumtoa nje. Kizingitini Aika alilazimika kuinua mguu juu sana, asimkanyage Lengai, aliyekuwa amelala chini ya kidirisha, mikono yake ingali imelishika koti.