Mkutano Ufanyike Tchomia

"Kilo hapana!" Floribert alipiga kelele kwenye redio ya foni, mikwaruzo ikimkata maneno. "Vyombo vya angani havina pa kutua. Nasema tena, mkutano usifanyike Kilo!"

Scholastique akalifuta jina la mji wa Kilo kwenye karatasi.

Kabla ya vita, ubishi huo ulikuwa wa kweli. Waendesha foni watatu, yeye akiwa Bunia, Floribert akiwa Kilo na Caleb akiwa Tchomia, waliazimana vitabu vya safari za nyota hadi majalada yakatoka, na kila asubuhi walibishana: wapenzi wa hadithi hizo wa dunia nzima wakija kukutana huku Ituri, mashariki ya Kongo, wapokelewe wapi? Upuuzi mtupu, lakini mtamu jamani! Sasa wapiganaji walisikiliza kila foni, na kwa ubishi ule ule watatu hao waliulizana ni wapi pako salama. "Wageni" walikuwa watu mia tatu waliojazana uani kwa Scholastique, mama yake akiwa mmoja wao. Bunia ilikuwa inaungua mtaa kwa mtaa. Lazima waondoke leo.

"Tchomia, Tchomia, hapa Bunia. Caleb, weye unasema nini?"

Sauti nzito, iliyokauka, ikajibu. "Hapa Caleb. Niko na mafua. Mkutano ufanyike huku. Ziwa iko wazi, mitumbwi iko mingi."

Scholastique akacheka, mara ya kwanza mwezi ule. "Weye huyu? Si ulikataa Tchomia miaka yote, ati wageni watakimbia harufu ya samaki!"

"Nimebadilisha mawazo, mama. Wageni iko ngapi? Watapita njia gani?"

Loo, Caleb wa kuuliza hesabu! Yule asiyejali kitu ila nyota zake. Vita vimemkomaza, Scholastique akawaza, na moyo ukamlainika.

"Mia tatu. Kwa miguu, barabara kubwa."

"Muzuri. Tutawapokea. Terminé." Mawasiliano yakakatwa.

Scholastique akatoka nje uani, akawaambia. Mama mtu alikaza kitenge kiunoni, akajitwika sufuria. "Na weye?"

"Nabaki na foni, mama. Wengine watakuja. Tutaonana Tchomia."

Akawasindikiza kwa macho mpaka mtu wa mwisho akapotea kwenye vumbi. Usiku ule alilala usingizi, jambo alilokuwa amelisahau.

Kesho yake jioni mlango wa nyuma ukagongwa. Alipoufungua, mwanamume akaanguka kizingitini, uso umevimba, nyayo zimepasuka. Scholastique akamwinua kichwa, akamtazama sana.

"Caleb?"

"Scho, unisamehe. Siku tatu niko mu pori, niliwatoroka wapiganaji. Walinipiga mpaka nikawaambia maana ya ubishi wetu."

Mezani foni ikakwaruza.

"Bunia, Bunia, hapa Caleb. Wageni wamefika wote. Iko wengine?"