Mkono Haudanganyi

Chini ya bega la kushoto la Wade, kitu kiliruka tena.

Annika alibaki amefumba macho, kiganja kimetulia mgongoni mwa mwenzake. Kikaruka, kikatulia. Kidogo tu, kama kope za mtu anayeota.

"Umesinzia huko?" Wade aliuliza, uso umezama kwenye tundu la meza ya kukandia. "Nikande bwana, nimelipa ada mimi."

"Nyamaza. Unakaza misuli."

Alifumbua macho akatazama. Ngozi ilikuwa shwari, haina hata wimbi. Lakini tangu mwaka wa kwanza mwalimu wao, Daktari Pruitt, alikuwa akipita kati ya meza akiwakemea: "Fumbeni! Macho yanadanganya. Mkono haudanganyi." Ndivyo walivyolelewa kwenye chuo chao cha osteopathia, katikati ya mashamba ya mahindi ya Iowa. Walisoma udaktari wote kama madaktari wengine, na juu yake kutibu kwa mikono, wawili wawili, kila mmoja mgonjwa wa mwenzake. Kwa miaka minne, mgongo wa Wade ndio uliokuwa kitabu cha Annika.

Na mruko ule aliujua. Ndivyo ulivyomwanza baba yake, fundi wa kuchomelea matrekta: nyama kuchezacheza chini ya ngozi. Kisha akaanza kuangusha spana. Kisha kijiko. Siku walipomzika, Annika aliapa kuwa daktari bingwa wa ubongo na neva.

Hospitali aliyoitamani kwa mafunzo ya ubingwa ilikuwa ile inayoutafiti ugonjwa uliomla baba. Kwenye usaili, profesa mmoja alimtazama juu ya miwani. "Osteopathia? Kumbe ninyi ndio wakanda migongo!" Wenzake wakacheka. Annika alicheka nao, na kikombe cha kahawa kikamponyoka, kikamwagika kwenye zulia lao jeupe. Njia nzima ya kurudi aliilaani hofu yake.

Wade yeye alichagua upasuaji. Mikono yake ndiyo ingekuwa riziki yake, na hilo ndilo lililomnyima Annika usingizi. Majani yalipopukutika, mruko ulikuwa kwenye bega la kushoto tu. Theluji ilipoanza kuyeyuka ulikuwa kila mahali alipogusa.

Jumatatu waliarifiwa kwamba wote wamepata nafasi za mafunzo ya ubingwa. Wapi, wangejua Ijumaa saa tano asubuhi, kila mmoja kwa bahasha yake, kama wanafunzi wa udaktari wa nchi nzima. Annika akaamua: nitamwambia Ijumaa, bahasha zikishafunguliwa. Mwache kwanza acheke.

Ijumaa ukumbi ulijaa wazazi, na harufu ya maharage ya nyama na maandazi ya mdalasini. Saa tano ilipogonga, karatasi zilichanika kila upande. Bahasha ya Annika ilikataa. Vidole viliteleza juu ya gundi, vikateleza tena.

"Lete hapa," Wade akampokonya. "Mkanda migongo gani anayeshindwa na karatasi?" Akaichana, akasoma, akapiga ukelele. "Ile ile, Annika! Neva, ile ile uliyoilia!"

Mama yake Annika alimkumbatia mpaka kofia ikamwanguka. "Laiti baba yako angekuwepo," alisema.

Wade naye alikuwa amepata upasuaji, jijini Omaha. Aliruka juu ya kiti akacheza kama mtoto, tai imezunguka mgongoni. Annika alisubiri ashuke, akamvuta mkono hadi chumba cha mazoezi, kitupu siku hiyo.

"Lala kidogo."

"Leo? Na suti hii? Dada, chuo kimekwisha."

"Tafadhali, Wade."

 Wade alivua koti, akalala kifudifudi. Annika alifumba macho, akaweka kiganja.

Kikaruka. Kikatulia. Kikaruka.

"Wade," alisema. "Nina jambo la kukuambia. Nimelijua muda mrefu, nikanyamaza. Unisamehe."

Wade aliinua kichwa. "Unanitisha sasa."

Kabla Annika hajajibu, sauti ya mama yake Wade ilivuma kutoka ukumbini: picha, wewe kijana, watu wanakusubiri!

"Dakika moja, la sivyo atakuja kunibeba," Wade alisema akiteremka mezani. "Usiondoke hapo. Utaniambia lote."

Nyayo zake zikatokomea. Annika hakufumbua macho, asije akalia kabla ya kusema. Mkono wake ulishuka taratibu, ukatua juu ya meza tupu, pale bega lilipokuwa.

Chini ya kiganja, kitu kiliruka tena.