Marehemu Kaja Mwenyewe

Dobi alimbeba marehemu mgongoni hadi ofisi ya ustawi wa jamii, na njia nzima marehemu alilalamika kwamba goti linamuuma.

"Vumilia, Mama. Wakikuona tu, yamekwisha."

"Mdogo wako amekula lakini?"

Dobi alimweka sawa mgongoni, akaendelea kutembea. Kitindamimba wao alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, hajaonekana nyumbani tangu mvua zianze, lakini kwa mama yao bado alikuwa mtoto wa kunyonya.

Msaada wa wazee ulikuwa umekatwa. Kompyuta ilisema mama amekufa, na binti yake anakula pesa za maiti. Jina la dobi lilibandikwa mlangoni pa ofisi pamoja na wadanganyifu wengine. Wateja wake wakaanza kujifulia wenyewe. Dawa za presha za mama zilikuwa zimekwisha.

Afisa aliwatazama juu ya miwani.

"Mama yangu ndiye huyu," dobi alisema akihema, akimketisha kwenye benchi. "Mguse. Ana joto."

"Kitambulisho chake?"

"Kimepotea. Tumepekua nyumba nzima."

Afisa alibonyeza kompyuta, akasoma, akashusha pumzi. "Hakikupotea. Kililetwa hapa na mwanawe wa kiume alipokuja kuripoti kifo. Akachukua na fedha za mazishi."

Dobi aliisogelea meza. "Basi aliyedanganya ni yeye!"

"Mmoja wenu amedanganya," afisa alisema, bila ukali. "Kama mama huyu ndiye, nawapigia polisi sasa hivi wakamkamate kijana. Kama siye, mwizi ni wewe, na msaada wa ofisi hii hutauona tena maishani. Sina namna nyingine, dada yangu."

Akamwinamia yule bikizee. "Shikamoo, bibi. Wewe ndiye mama yao?"

Dobi aliushika mkono wa mama yake, akaubana. "Mwambie, Mama."

Mama aliutazama ule mkono wa binti yake, uliochubuliwa na sabuni. Akaupapasa taratibu, kidole kwa kidole. Kisha akauachia.

"Marahaba, mwanangu," alimwambia afisa. "Mimi jirani tu. Mwenyewe tulishamzika."